Leya ya Machibya

Niwieni radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mtu wa jukwaani, nimezoea kuanguka na ndoo ili watu wacheke, na jambo la kutisha likipita mikononi mwangu hutoka limevaa kaptula. Mkiona nimetania pasipostahili, vumilieni. Siku hizi hata jukwaani mambo yangu si mazuri.

Jambo lenyewe lilianza na duara.

Miaka ile soko huria lilipoingia na kila mwenye lori akawa mnunuzi wa pamba, pale Bariadi ilifunguliwa ofisi ya kuchora ramani za majengo kwa kompyuta. Msimamizi wa michoro alikuwa Anatoli Maganga, kijana wa Nyalikungu aliyesomea Dar es Salaam akarudi na suruali iliyonyooka kama rula. Mchana mmoja plota, ile mashine ya kuchapa ramani kubwa, ilikuwa inachapa ramani ya duka. Ikamaliza, ikanyamaza. Kisha kalamu yake ikarudi yenyewe katikati ya karatasi na kuchora duara dogo, taratibu, kama mzee anayezungusha fimbo mavumbini. Violeth, mchoraji wake, akauliza nani kaliweka hilo. Chumba kizima kikanuka ngozi mbichi ya ng'ombe.

Anatoli hakuuliza. Alilijua.

Mwaka uliotangulia tajiri mmoja alitaka kiwanda cha kuchambua pamba njia ya Lagangabilili. Kiwanja kilikuwa mji wa zamani wa marehemu Machibya, mzee wa ng'ombe wengi, aliyezikwa kama walivyozikwa wakubwa wa Kisukuma: ndani ya zizi lake, amefungwa katika ngozi ya ng'ombe, bila saruji wala msalaba, mawe tu juu. Binti yake, Monika, alikubali kuuza kwa sharti moja: baba yake asikanyagwe.

Sasa, kompyuta ile huchora kwa leya, yaani matabaka. Kuta zina leya yake, mabomba yana yake. Ukiizima leya haionekani wala haichapwi, lakini imo. Anatoli akaliweka kaburi kwenye leya ya peke yake. Akachapa karatasi ya kwanza leya ikiwa imewashwa, akampa Monika. Mama wa watu akaligusa lile duara kwa kidole, akamshukuru Anatoli, "Wabeja, baba," akaikunja karatasi kifuani. Alipotoka, Anatoli akaizima leya, akachapa karatasi ya pili, akawapa mafundi. Mashine ya kushindilia marobota ikasimikwa juu ya kifua cha mzee.

Tena ramani ile ilimpendeza, akaifanya faili mama. Alifuta kila kilichoonekana, akabakiza fremu na maandishi, akaamuru kila kazi mpya ianzie hapo, ili ofisi iwe na sura moja. Kilichozimwa hakikufutika. Kila nyumba iliyochorwa na ofisi ile baada ya hapo ilizaliwa na Machibya tumboni.

Alipoliona duara, Anatoli alifunga mlango, akaiwasha leya ile ili alifute. Likagoma. Nyuma ya kiti chake, ndani ya chumba kilichofungwa, kengele ya ng'ombe ikalia.

Kesho yake jina lake halikuwepo pembeni mwa ramani, pale linapoandikwa la msimamizi. Akaliandika upya, plota ikaliruka. Siku zilizofuata mlinzi akawa anamfungia geti usoni, bila ubaya, kama mtu anayezuia upepo. Muuza chai akamgawia kila mtu akampita yeye. Akamwamkia mzee mmoja "mwangaluka," mzee akageuka huku na huku, akaharakisha mwendo. Usukumani hata mwizi huitikiwa salamu kabla ya kupigwa.

Jioni ile akaenda nyumbani mbio, kwa sababu alikuwa na binti wa miaka mitano, Jenipha, ambaye kila siku humkimbilia mlangoni ampokee mkoba, na kweli alimkuta mlangoni, akapiga magoti, akamwita, akamwita tena, na mtoto akawa anatazama njia kupitia kifua chake kama mtu anavyotazama kupitia dirisha, mpaka mama yake alipomwambia aingie ndani, baba leo amechelewa, na mlango ukafungwa, na Anatoli akabaki nje na mkoba wake huku harufu ya ngozi ikimpanda shingoni kama mtu anayemvisha koti.

Aliyemgundua ni Violeth. Asubuhi alikuta herufi zikijichapa kwenye skrini ya kompyuta ambayo hakuna aliyeikalia: NIPO. Kisha: NISAIDIE NISISAHAULIWE NA MWANANGU. Akauliza kwa kunong'ona, herufi zikamjibu yote, hata zile karatasi mbili. Violeth alilia, akamtukana kidogo kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, halafu akakiambia kiti kitupu kimfuate hadi Migato, kwa mfumu mmoja aliyeitwa Salu.

"Mayu," Violeth alimwambia mama yule mganga, "bosi wangu ameingiliwa na jini."

"Jini ni mgeni, ng'wanawane," Salu akamjibu kama mama amjibuvyo mwanawe. "Huyu ni mwenye mji."

Salu akatikisa kibuyu. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu anayeongea akiwa na mzigo kifuani.

"Alimwonyesha mwanangu nilipo, kisha akanizima. Naye aonje."

"Anaomba mtoto wake amwone," Violeth akasema.

"Mwanangu pia aliniona. Karatasini."

Mwisho Machibya alitoa masharti yake. Mashine iondoke. Anatoli akapige magoti kwa Monika, aonekane asionekane. Na kila ramani alimofichwa mzee ifunguliwe, leya iwashwe, ichapwe. Itakayobaki, kesi ni ya mwenye nyumba.

Tajiri alikubali haraka, maana marobota yake yalikuwa yananuka na wanunuzi wameyakimbia. Monika alimwagia pombe udongo uliobaki wazi mashine ilipong'olewa, akatazama vumbi mbele yake likibonyea alama mbili za magoti ya Anatoli asiyeonekana. Kompyuta za siku zile zilikuwa na tumbo dogo, kila ramani ilikaa kwenye disketi aliyokabidhiwa mwenye nyumba, kwa hiyo Violeth alitangaza mnadani, watu wakazileta. Plota ikachora maduara mpaka kalamu ikakauka. Jioni Jenipha akakimbia mlangoni, akapokea mkoba, akauliza, "Baba, ulikuwa wapi?"

Disketi moja tu haikuletwa. Mwenyewe alikuwa ameshaifuta ramani ili apate mahali pa kuhifadhia vichekesho vyake.

Machibya hakuwa na haraka: juzi tu nilipanda jukwaani Nyalikungu. Nikaanguka na ndoo, nikainuka. Ukumbi ulikuwa umejaa, wote wanatazama pazia, wanaulizana mchekeshaji ataingia saa ngapi. Ndiyo maana hii nimeiandika. Wala simlaumu Machibya, wala Anatoli. Ramani niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na vile vichekesho nimevisoma tena: hata mimi sikucheka.