Sura za Masaho

"Kiyono, sura hizi kachora nani?"

Mhariri wetu, Bwana Hatanaka, aliniuliza kwa simu mchana, mvua ya Juni ikinyesha Tokyo nzima.

"Masaho."

"Masaho amefariki! Tulikuwa wote siku mwili wake ulipochomwa!"

"Najua. Lakini si umeuliza? Mimi nimekujibu."

Akakata simu.

Sasa mnisikilize. Katika kazi yetu ya manga, hadithi za kuchorwa, mimi nachora nyumba, miti na mvua, sura za watu naziacha tupu. Sura ni za mwenye hadithi. Miaka sita nilikuwa naacha, Masaho anajaza. Wiki aliyofariki, kwa mazoea tu, niliweka ukurasa wenye sura tupu mezani kwake, nikashuka kununua tonge la wali. Kurudi, macho ya Sumire, msichana wa hadithi yetu, yananitazama, wino haujakauka.

Sikupiga kelele. Nilifurahi, na sioni haya kusema.

"Umechelewa, mvivu we!" nikakiambia kiti kitupu.

Tangu hapo kila siku naweka, naondoka, narudi, nakuta. Ila Sumire akaanza kukonda. Macho yakamdidimia, nywele zikamganda kwenye paji la uso kwa jasho, vilevile alivyokuwa Masaho wodini. Mhariri akanitumia ujumbe: "Wasomaji wanauliza kama Sumire anaumwa. Na ukurasa wa mwisho uko wapi?"

Nilikuwa sitaki kuuchora, ng'o. Hadithi ikiisha, Masaho atakuja kufanya nini?

Simu ikalia tena. Mama yake Masaho.

"Kesho ni siku ya arobaini na tisa tangu afariki, mwanangu, roho inaondoka. Mifupa inaingia kaburini."

"Mama, tusogeze mbele kidogo."

"Roho inasogezwa mbele? Kwani ni miadi ya daktari wa meno?" Sauti yake ikashuka. "Kiyono, kila asubuhi namwekea chai mbele ya picha yake. Nikirudi naikuta nyeusi. Wino mtupu. Mwanangu anafanyishwa kazi huko alikokwenda kupumzika. Nani anampa kazi?"

Nikaiweka kalamu chini.

"Ni mimi, mama."

"Ee! Kwa nini?"

"Nampenda."

"Sote tunampenda."

"Mimi nampenda vile mama ulivyompenda baba yake."

Mwanamke kumpenda mwanamke! Nikajua basi tena, nimefukuzwa.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Sikuthubutu."

"Miaka sita mnakaa meza mbili, hukuthubutu! Mjinga wewe. Mwambie leo, halafu umwache mwanangu alale."

Nikachora ukurasa wa mwisho. Stesheni. Treni ya kijana aliyekuwa akimchumbia Sumire imeshaondoka, Sumire na rafiki yake wamebaki peke yao, na rafiki anasema: "Ni wewe niliyekuwa nakupenda, siku zote." Nikazitazama sura mbili tupu. Safari hii sikuuweka mezani kwake. Nilijua nikizichora mwenyewe, hana tena kitakachomrudisha. Nililia kwa sauti, kisha nikashika kalamu yake.

Ya rafiki ikatoka kama kiazi. Nilipofika kwa Sumire, niko kwenye mdomo, mkono wa baridi ukanishika kiganja. Chumbani hamkuwa na mtu ila mimi.

"Masaho?"

Ukaisukuma kalamu taratibu, pembe ya mdomo ikapanda juu. Sumire akatabasamu, mashavu yamejaa, mzima kabisa.

"Kwa hiyo na wewe?" nikanong'ona. "Na wewe ulikuwa unanipenda?"

Vidole vikanibana kwa nguvu, mara moja, vikaniachia. Nilikaa pale mpaka wino ukakauka.

Kesho yake makaburini shangazi zake walinisukuma nyuma, maana mstari wa mbele ni wa familia. Mama akageuka na chungu cha mifupa mikononi.

"Mpisheni apite," akasema. "Abebe yeye. Huyu ndiye mwenzake."