Udongo Niliorusha Kwenye Ukuta wa Bhoke

Nina miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Itiryo, Tarime. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwa kurusha mkuki... mkoa mzima ulinijua! Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe machungani.

Bega lilipoharibika nikarudi nyumbani. Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, na mke wangu Bhoke ndiyo kwanza amemaliza kuisiriba nyumba yake mpya kwa mikono yake.

Siku moja, yeye akiwa shamba la kijiji, nilifinyanga madonge ya udongo mwekundu, mengine ya majivu na mkaa. Mkuki ulikuwa umenishinda, donge halikunishinda. Nikakimbia kama niko uwanjani, nikarusha. Paa! Udongo ukachanua ukutani. Haikuwa picha ya ng'ombe wala ya mtu... ilikuwa zile mbio, ule mruko, ule upepo wenyewe! Rafiki yangu Chacha, mtu wa rika langu, ndiye aliyenikandia udongo. Alisema hata uwanjani sikuwahi kurusha hivyo. Watu wakajaa.

Ndugu wasomaji, kwetu nyumba ni ya mke. Mume akiipiga matope mbele ya watu, amemfukuza. Nililijua hilo. Lakini bingwa anayeshangiliwa anakumbuka mila?

Bhoke akarudi, jembe begani. Akaniuliza taratibu, "Baba Ghati, umenifukuza?"

Neno moja tu lingetosha! Mimi nikacheka, nikamwambia asogee, ananizibia shabaha. Nikarusha tena...

Akambeba binti yetu Ghati, akaenda kwao Kerende.

Wazee waliponiita sikuwa na wasiwasi. Chacha angewaeleza kuwa ni usanii tu. Akasimama, hakunitazama, akasema, "Mimi niliona mtu anafukuza mke."

Wazee wakaamua ndoa imekwisha. Mwaka haukuisha, Bhoke akawa anapika kwa Chacha kama mkewe, mstari mmoja na nyumba yangu! Nilikwenda kumlilia. Akanijibu kwamba aliniuliza mbele ya watu, na watu walisikia nilivyomjibu.

Wanaume wenzangu, mkeo akikuuliza, weka chini ulichoshika umjibu. Usiseme utamweleza baadaye. Mimi narusha hadi leo, wageni husimama kutazama, na mkono haujakosea hata kidogo... Ghati hupita na ndoo yake kichwani, akaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mzee yeyote wa njiani.