Usizime Sauti Ikiwa Njiani

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi alipotumwa kumwita mdogo wake aje kula. Shahada ya umeme anayo, na duka la kutengeneza amplifaya ni lake, lakini mama akisema "nenda kamwite," anakwenda.

Mdogo wake, ambaye bendi nzima ilimwita Kidole, alikuwa amejifungia tangu mchana katika chumba cha mazoezi nyuma ya duka, na pedali ya feiza, kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, aliyoachiwa na mpiga gitaa mzee. Feiza haina uchawi. Fundi aliifungua mwenyewe akaona. Unapiga uzi, yenyewe inaigawa sauti iwe mbili. Moja inapita, nyingine inacheleweshwa kidogo, kisha zinakutana. Zikikutana zinalana, na ndiyo maana sauti hupanda na kushuka kama upepo ndani ya chupa.

Siku aliyoileta dukani, mzee alimnong'oneza fundi. "Mwanangu, usiizime sauti ikiwa njiani. Ngoja nyuzi zinyamaze. Zirudi zote mbili."

"La sivyo?"

Mzee alishusha kola. Kovu jembamba lilimzunguka shingo.

"Mimi sikungoja."

Alipotoka, fundi alicheka. Wanamuziki bwana, mtu akijikata kwa wembe, basi ni jini. Lakini mwezi haukuisha, mzee akazikwa.

Sasa, mlangoni, alisikia.

Wuuu... wuuu...

Taratibu mno, kama mtu anayepumua akiwa amelala kifudifudi. Na harufu ya waya ulioungua... na chini yake, damu. Komeo lilikuwa wazi, akausukuma mlango, akaingia.

"Kidole, mama anakuita. Au umeshiba gitaa?"

Kijana alikuwa amempa mgongo. Vidole vyake vilikuwa vimechanika, damu ikichuruzika kwenye nyuzi.

"Dada," alinong'ona. "Kuna mtu anapiga nyuma yangu."

"Ni sauti yako mwenyewe, imechelewa."

"Mimi nimeacha kupiga."

Akainua mikono. Yote miwili.

Gitaa liliendelea kulia.

Kidole akageuka. Midomo ilitabasamu kwanza. Macho yakafuata baadaye.

Alisukuma komeo la mlango, akang'oa uzi mnene wa gitaa, akamzungushia dada yake shingoni. Fundi alisikia ngozi yake ikichanika. Alimpiga kiwiko cha mbavu, akamng'ata mkono mpaka meno yakagonga mfupa. Uzi ukazidi kukaza. Akapapasa stendi ya maiki, akaishika, akampiga nayo kichwani. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili kitu kikavunjika, kijana akaanguka.

Wuuu... wuuu...

Fundi hakumkumbuka mzee wala kola yake. Alitaka kelele ile ife. Akaikanyaga swichi ya pedali kwa kisigino, sauti ikiwa katikati.

Tk.

Kimya.

"Dada," alilia aliye sakafuni, akimshika mguu. "Mbona umenipiga?"

Fundi alipiga magoti kando yake. Ndipo mlango ukagongwa.

"Dada, fungua. Mbona umenifungia nje?"

Ilikuwa sauti ya Kidole.

"Usifungue," alinong'ona wa sakafuni. "Huyo si mimi."

Nje, mama naye akafika. "Nyie watoto, chakula kinapoa. Fungua, mwanangu. Huyu mdogo wako mbona vidole vinamtoka damu?"

Fundi akatazama mkono ulioshika mguu wake.

Vidole vilikuwa vizima. Hata mchubuko haukuwapo.

Yule akatabasamu. Fundi hakungoja macho yafuate. Aliinua stendi, akashusha, akainua tena, huku yule akiita dada, dada, kwa sauti aliyoilea mwenyewe tangu ikiwa ya mtoto. Hakuacha mpaka ikakatika.

Komeo lilipofunguliwa, ukutani kulikuwa na damu hadi darini. Mwili haukuwapo. Kidole alisimama pembeni mwa mama, vidole vinachuruzika damu. Dada yake akamkumbatia mpaka akalalamika.

Pedali aliizika kwa saruji. Jeraha la shingoni limepona, limebaki kovu jembamba, na siku hizi anapenda mashati ya kola.

Kidole anakula vizuri. Anatania kama zamani, mama anacheka. Ila akitabasamu mezani, dada yake huinamia sahani haraka, asije akaona macho yanafika lini.