Mshono Mweupe katika Jicho la Kware

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, saa tisa na robo alasiri, Saodat alichoma sindano mahali ambapo marehemu binti yake alikuwa amepaacha makusudi.

Binti huyo aliitwa Zebiniso. Alifundisha hesabu shuleni katika mji wao wa Nurota, na siku za mapumziko alidarizi ndege na wanyama kwa kujifurahisha tu. Aliuchana uzi wa hariri hadi ukabaki mwembamba kama unywele, akapanga mishono mirefu na mifupi mpaka unyoya ukawa unyoya. Paka wa jirani aliwahi kumrukia shomoro wake wa uzi ukutani.

Wanawake wa Nurota hawamalizi darizi. Kwenye shuka la bibi harusi huacha jani moja tupu, ili maisha ya nyumba yasikome. Zebiniso, kwa kuwa alidarizi viumbe wenye pumzi, aliacha kitu kingine: ule mshono mmoja mweupe ndani ya mboni, unaolitia jicho nuru.

"Kutia uhai ni kazi ya Mungu, mama," alikuwa akisema. "Mimi naishia hapa."

Homa ya mapafu ilimchukua mwezi Septemba. Mumewe alikuwa Urusi kwenye ujenzi. Nyumbani alibaki mama yake, na bintiye wa miaka sita, Hulkar, na kware mmoja kwenye fremu, mboni nyeusi tii. Saodat alishindwa kumtazama ndege yule kipofu. Ni mshono mmoja tu, alijiambia. Akaushona, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Asubuhi yake, akimimina chai, alisikia kware akilia chumbani kwa marehemu.

Wifi yake, Ruzihol, aliingia na mkate wa moto kifuani. "Heee, wifi! Unafuga kware na mayai hunipi?"

"Sina ndege mimi."

"Basi ni tumbo lako hilo. Kula, umekonda kama fito." Alicheka, kisha akanusa, na kicheko kikamkauka. "Wifi, mbona kunanuka manyoya yaliyoloa?"

Ijumaa sauti ilibadilika. Saodat alikuwa akifagia ukumbini, jua likiwaka dirishani, aliposikia ikiita taratibu, kwa uchovu uleule wa wiki ya mwisho ya Zebiniso: "Mama. Nina njaa."

Hakukimbia. Mama gani angekimbia? Aliweka bakuli la mtama chini ya fremu, akafunga mlango, akakaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake bakuli lilikuwa tupu, naye akalijaza tena, na siku iliyofuata tena, akinong'ona na kitambaa, akisahau kuchana nywele za Hulkar, akisahau hata kumpa uji.

Jumatano mtoto aliamka na kidoa cheupe katika mboni ya jicho la kushoto. Daktari alimulika, akatikisa kichwa, akaandika dawa ya matone. Kidoa kilikua. Hulkar aliacha kusema, na adhuhuri moja Saodat alimkuta amechuchumaa kwenye zulia, mikono nyuma, akiinamisha kichwa na kukiinua, kukiinamisha na kukiinua, akidonoa punje za mtama kwa mdomo, huku kule kwenye fremu jicho la kware likimeremeta maji kama jicho la mtoto aliyetoka kulia.

Ruzihol ndiye aliyemleta Bibi Muhtaram, otin anayewasomea Kurani wanawake wa mtaa. Bibi alitazama fremu, akatazama mtoto, akashusha sauti.

"Nani aliweka huu mweupe?"

"Mimi, Bi Otin."

"Umefungua dirisha, na si mwanao aliyeingia. Ni jini, na nuru ya kuonea anaichota kwa huyu mdogo."

"Lakini ananiita mama!"

"Maiti hali mtama, mwanangu. Tangu uushone huu mweupe, umemwombea Zebiniso hata mara moja?"

Saodat hakuwa amemwombea; angemwombeaje aliyekuwa akizungumza naye?

"Fundo ulifunga wewe. Kalifungue wewe. Mimi nitasoma."

Bibi akaanza Ayatul Kursi, Ruzihol akamkumbatia Hulkar, na Saodat akapitisha ncha ya sindano chini ya ule mshono, na papo hapo harufu ya manyoya ikajaa kooni mwake, na kitambaa kikatutumka chini ya vidole kama kifua kinachohema, na sauti ya Zebiniso, Zebiniso wa miaka mitatu, Zebiniso wa siku ya harusi, Zebiniso wa kitandani, ikamsihi, "Mama, usinizime, mama, huku ni giza, nimekukosea nini," na mkono wake ukasimama, hadi akamsikia Hulkar nyuma yake akilia mlio mwembamba wa ndege.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, hajui anamwambia yupi. Akavuta.

Uzi ulitoka na tone moja la damu. Mabawa yakapiga dari ambayo haikuwa na kitu, kisha kukawa kimya.

"Bibi," Hulkar alimwambia Saodat, akifikicha jicho lisilo na kidoa tena, "nataka maji."

Saodat alimnywesha mwenyewe. Halafu akakaa chini, akainua viganja, na kwa mara ya kwanza akamtaja binti yake kama anavyotajwa aliyeondoka.

Ewe Mola, mghufirie Zebiniso binti Saodat. Lipanue kaburi lake, litie nuru itokayo kwako peke yako, na utukutanishe naye siku uitakayo wewe, si siku tuitakayo sisi. Amina.