Maziwa ya Gidion

Ng'ombe walishaingia zizini, giza likianza kushuka juu ya kijiji cha Kisaka, Bibi Bernadetha alipomkabidhi Mokami kibuyu cha maziwa.

"Mpelekee mumeo."

Mokami nusura acheke. Mume yupi? Kikongwe hakujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana alitoa ng'ombe akamwoa Mokami kwa nyumba ntobhu: awe mke wa mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa, azae na mwanamume yeyote, watoto wawe wa boma. Mwana huyo alishapewa jina, Gidion. Alishajengewa na nyumba.

Degree ya uchumi, kazi hakuna, halafu unaozwa kwa hewa! Kurudi kwao haiwezekani. Ng'ombe wale kaka yake alishaolea mke. Lakini kuzaa? Never. Kijiti cha uzazi wa mpango kilikuwa chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, siri yake peke yake.

"Mama, mle hamna mtu. Atakunywa nani, popo?"

"Peleka, mokamona. Mkwe gani mdomo mrefu hivyo?"

Nyumba ya Gidion ilikuwa tupu. Kitanda, kigoda, vumbi. Ila harufu...

Harufu ya kichanga. Maziwa yaliyochacha, kitovu kibichi.

Akaweka kibuyu chini haraka, akageuka atoke.

Nyuma yake, kitu kikaanza kunyonya.

Nyo... nyo... nyo...

"Gi... Gidion?"

Kunyonya kukakoma.

"Mama ananiita mume." Mnong'ono wa mtu mzima, kwenye koo la kichanga. "Mke wa nini? Mimi sijazaliwa."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Mlango."

Vidole vidogo, vya baridi, vikampapasa mkono wa kushoto. Vikafika penye kijiti.

Vikatulia hapo.

Mokami alikimbia hadi jikoni, akausogeza mkono kwenye mwanga wa moto. Ngozi nzima, hata mkwaruzo hakuna. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

Kijiti hakipo.

Bibi Bernadetha akaenda nyumba ya Gidion, akarudi na kibuyu kitupu. Akakitikisa. Kitu chembamba kikagonga ndani.

Ko... ko...

"Kesho nakwenda hospitali Mugumu," Mokami alisema. "Naweka kingine. Unanisikia? Kingine!"

"Nenda tu." Kikongwe alimvisha khanga mabegani, taratibu. "Ila jifunike kifua, Mama Gidion. Maziwa yanavuja."