Sauti Nyuma ya Rafu ya Sabuni

Makopo ya maziwa yalikuwa yamegeuka. Jioni Ng'washi aliyapanga majina yakitazama mlango, kama alivyofundishwa. Asubuhi aliyakuta yametazama ukuta, safu nzima, kama watoto waliokosa wakasimamishwa pembeni.

"Ndiyo upangaji gani huu?" akauliza Dada Getruda, msimamizi.

"Niliyapanga vizuri, dada."

"Basi yamejigeuza. Siku hizi makopo yana shingo."

Wakacheka. Ng'washi akayageuza, moja baada ya jingine, na vidole vyake vikabaki vinanuka pamba mbichi.

Pamba ilikuwa na sababu yake. Jengo lile, hatua chache kutoka ziwani, lilikuwa ghala la ushirika kabla biashara huria haijaruhusiwa na maghala hayajauzwa. Sasa lilipakwa rangi, likajazwa rafu ndefu kuliko mtu, likaitwa duka la kujihudumia. Wateja wenyewe hawakuwa wamezoea kujihudumia. Walibeba vikapu, wakapotea katikati ya rafu, wakaanza kuita. Ndiyo maana somo la kwanza alilopewa Ng'washi, mwanagenzi wa miezi mitatu ya majaribio, lilikuwa hili: "Mteja akiita, itika kabla hujamfikia. Asikie sauti yako kabla hajaiona sura yako."

Kwao Buhongwa, bibi yake alikuwa amemfundisha kinyume: "Ukiitwa na usiyemwona, funga kinywa. Mwone kwanza."

Ng'washi alimtii aliyekuwa akimpa kazi.

Siku moja, saa sita mchana, umeme ukakatika. Friza zilizokuwa zikinguruma tangu asubuhi zikanyamaza. Katika ule ugizagiza, nyuma ya rafu ya sabuni, mtoto akaita:

"Mama!"

"Abee! Nakuja, mtoto mzuri," akaitika Ng'washi, akazunguka rafu.

Hapakuwa na mtoto. Juu ya saruji palikuwa na nyayo ndogo, mbichi kwa maji, zilizokwenda hadi ukutani na hazikurudi. Hewa ilinuka pamba iliyolowa maji ya ziwa.

Jioni ile Malimi, mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, alimkimbilia mlangoni kama kawaida. Malimi alikuwa na maneno matano tu duniani: mama, maji, uji, paka, taa. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena, na lile neno la kwanza halikutoka.

"Koo limekauka," akasema Sabina, mdogo wake Ng'washi, aliyekuwa akimlea mtoto mchana. "Jumapili tutamwombea."

Siku ya tatu, nyuma ya sabuni, sauti ikasema, "Maji!" Ilikuwa sauti ya Malimi hasa, na kile kikwaruzo chake cha mafua. Ng'washi aliijua, akajua pia kwamba hapaswi kuitika, lakini kinywa kilichozoeshwa hakingoji akili: "Abee!" Jioni alimkuta mtoto akiunyooshea mtungi kidole.

Wiki ilipoisha, uji umekwenda, paka amekwenda, taa imezimika. Hata kilio kilikuwa kimekwenda. Malimi alilia mdomo wazi, machozi tele, kimya kabisa.

Bi Mwaija aliuza udi na dawa mtaani Makoroboi, na aliwajua majini kama wengine wanavyowajua majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti. Usinilie hapa, utanifukuzia wateja. Sema."

Ng'washi akasema yote, kwa kunong'ona.

"Ghala lile lina mwenyewe," akasema Bi Mwaija. "Miaka yote alikaa na sauti za wapagazi. Wakaondoka, akabaki na ukimya. Mpweke akiitikiwa, mwanangu, haachi."

"Niache kazi?"

"Uache, halafu maneno ya mtoto yabaki na nani? Yamo mle ndani. Vumilia siku saba. Akikuita kwa sauti ya mwanao, usiitike. Wala usiende kutazama, maana miguu nayo huitika. Siku ya saba atachoka, atarudisha."

"Na asiporudisha?"

Bi Mwaija alikunja udi ndani ya kipande cha gazeti, akampa.

Ng'washi hakumwambia Sabina. Sabina alikuwa mlokole. Angesikia neno udi, angembeba mtoto moja kwa moja hadi madhabahuni.

Siku sita Ng'washi alipanga sabuni huku sauti ya mwanawe ikimwita kutoka upande wa pili, ikiomba maji, ikiomba uji, ikicheka kama Malimi anavyocheka akitekenywa, ikilia kama Malimi anavyolia akiota jino, na yeye akiuma pindo la aproni hadi meno yakauma, akiwatabasamia wateja waliopita na vikapu vyao bila kusikia kitu, akihesabu siku, akimwomba Mungu na kumwomba hata yule asiye na jina, mradi tu mtoto arudishiwe chake.

Siku ya saba, saa sita mchana, umeme ukakatika tena.

"Mama!"

Akaishika rafu kwa mikono miwili.

"Mama!" Safari hii kwa furaha, kama mtu aliyekuja na zawadi. Kisha mara ya tatu, kwa kilio, kilio cha mtoto aliyeachwa gizani, na kila mfupa wa Ng'washi ukataka kwenda, na hakwenda, alijizuia jasho likimtiririka, akajiambia ndiyo hii ya mwisho, baada ya hii yamekwisha.

Ndipo nyuma ya rafu mwanamke akaitika, kwa upole na uchangamfu wa dukani:

"Abee! Nakuja, mtoto mzuri."

Ilikuwa sauti ya Ng'washi. Kinywa cha Ng'washi kilikuwa kimefungwa.

Sabina akatokea kutoka mlangoni, anahema, anacheka.

"Dada! Amesema! Tangu alfajiri anaita mama, mama, nikasema nisingoje jioni, nikuletee ujisikilizie. Akaniponyoka hapo mlangoni, akakimbilia kule kwenye sabuni. Nikaogopa kapotea, mpaka nilipokusikia ukimwitikia."

Ng'washi akakimbia.

Malimi alikuwa peke yake, amesimama kwenye saruji iliyolowa, uso kwa ukuta, mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa. Alikuwa anatabasamu.

"Malimi! Mimi hapa, mwanangu."

Mtoto akageuka, akamtazama kama mteja anavyomtazama mwuzaji, akaurudia ukuta.

Ng'washi aliacha kazi siku hiyohiyo. Malimi sasa anasema maneno mengi, hata ya Kisukuma. Humwita mama yake dada, kama anavyomsikia Sabina akimwita. Ila kila siku saa sita, popote alipo, huacha kucheza, hugeukia upande wa ziwa, akaita, "Mama!"

Ng'washi huitika kutoka jikoni. Huitika kwa sauti yake yote, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto hageuki. Huinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, kisha akatabasamu kama aliyekwisha kujibiwa.