Mzee Aliyekosa Moto

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya mbao mbichi, zilizonyeshewa. Melba aliamka kutoka usingizi wa mchana, akanusa, akajiambia kuwa ni mvua za Januari zimeanza kuingia kwenye kuta za mianzi. Kisha akaona unga wa mbao sakafuni, mstari mwembamba kama njia ya sisimizi, kutoka mlango wa stoo mpaka kitanda cha binti yake, Yadira.

Aliufagia upesi kabla mama mkwe hajauona. Alijua ulikotoka.

Usiku wa kufunga mwaka, kama nyumba zote za mji wa Guayaquil, nao walikuwa wameshona Mzee wao: sanamu ya nguo kuukuu zilizoshindiliwa unga wa mbao na magazeti, na kinyago cha karatasi usoni. Kabla kifua hakijashonwa, kila mtu huchota unga kiganjani, akaunong'onezea lililomtesa mwaka ule, akautumbukiza. Saa sita ikigonga, Mzee huchomwa barabarani na huzuni zote za nyumba zimo tumboni mwake. Safari hii alikuwa mzito ajabu. Fausto, shemeji yake Melba, alikuwa amevaa gauni jeusi na matiti ya maputo, akiwaomba wapita njia sarafu kama mjane wa Mzee. Alijaribu kumnyanyua, akamwachia.

"Jamani, mume wangu huyu kala nini? Sanda sitaki tena, nichangieni kreni!"

"Kala mwaka wetu," alijibu mama mkwe, Hermelinda.

Hakucheka mtu. Mwezi Agosti homa ilikuwa imemchukua Wilmer, kifunguamimba wa Melba, baba yake akiwa mbali kwenye meli ya samaki. Mzee alivishwa jezi ya njano ya Wilmer, maana ndivyo inavyotakiwa: nguo ya kilichouma ndiyo iende na moto. Melba ndiye aliyeishonea kwenye sanamu. Alipoinamia kukata uzi kwa meno, akakuta jasho la mwanawe bado limo kwenye kwapa.

Basi watu walipoingia ndani kugawana zabibu za saa sita, akamburuta Mzee hadi stoo, akamfunika turubai. Mahali pake akaweka gunia alilolifunga kitambaa cha njano. Fataki zikalia, moshi ukatanda, watu wakakumbatiana. Hakuna aliyetambua.

Siku za mwanzo alikuwa akijifungia stoo, anainusa jezi, analia kidogo, anatoka na nafuu. Yadira ndiye aliyebadilika. Mtoto aliyekuwa akiambiwa nyamaza kutwa nzima sasa alikaa ameuelekea mlango wa stoo, mikono mapajani, kama aliye kanisani. Mchana ule wa unga sakafuni, supu yake ya samaki na muhogo ilipoa mbele yake.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba."

"Umeshibishwa na nani?"

"Babu wa stoo. Ananilisha kidogo kidogo."

Melba akaweka kijiko chini. "Anakulisha nini?"

"Leo kanipa la bibi," alisema Yadira, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Kwamba kaka alikuwa akiita maji, na bibi alimsikia, ila alikuwa amechoka, akajigeuza upande wa pili, akalala."

Bakuli likavunjika. Hermelinda alikuwa amesimama mlangoni, vigae miguuni pake.

"Hilo sijamwambia padri," alinong'ona. "Niliuambia unga tu." Akamgeukia mkwewe. "Melba. Yule Mzee tulimchoma?"

"Nilimficha stoo, kwa ajili ya jezi," alisema Melba. Hakumlaumu mama mkwe kwa yale maji, wala mama mkwe hakumlaumu kwa ile jezi. Walimshika mtoto mkono, mmoja huku mmoja huku, wakaenda kwa mganga.

Mganga huyo, Doña Targelia, alimpitishia Yadira yai mwili mzima, akalivunja kwenye bilauri ya maji. Kiini kilizama kikiwa kimejaa unga wa mbao. Akaifunika bilauri kwa kiganja.

"Mchomeni leo, jua halijatua. Huzuni haina kwao kwenye unga wa mbao, mama. Ikikosa moto hutafuta mwili. Na ikishahama yote, mtakuwa mnaunguza matambara."

"Tutajuaje kama bado imo?"

"Mnyanyueni. Akiwa mzito, mshukuruni Mungu."

Walirudi na mvua. Fausto, alipoelezwa, alikwenda kutafuta mafuta ya taa. Hermelinda akabaki jikoni na mtoto.

"Nipeni dakika nifumue jezi," Melba alisema. "Jezi tu. Mengine yote yaende."

"Melba, jua!"

"Jezi tu, mama."

Aliketi sakafuni stoo, akamlaza Mzee mapajani, akaanza kufumua nyuzi moja moja kwa ncha ya kisu, na kadiri alivyofumua ndivyo harufu ya mbao ilivyozidi kupungua na ya jasho kuzidi kupanda, mpaka akawa hajui tena kama kinachopumua pale gizani ni kifua chake au kile kilichomlalia, na ndipo sauti aliyoizika Agosti ikatoka nyuma ya kinyago, ndogo, kavu, ikisema, "Mama, maji," naye badala ya kukimbia akainama, akaweka sikio kifuani, akasema, "Nipo, mwanangu, safari hii nipo," akambembeleza hivyo hivyo huku mvua ikipiga bati na mwanga ukififia kwenye nyufa za mianzi.

"Shemeji!" Fausto alikuwa akigonga mlango. "Shemeji, jua limezama!"

Melba akashtuka. Akamkumbatia Mzee kiunoni, akakaza mgongo, akanyanyua.

Alikuja juu kama kapu tupu.

"Aa, mbona mwepesi hivi?" Fausto alimchukua kwa mkono mmoja, akacheka kwa faraja. "Kumbe ule uzito ulikuwa maji tu!"

Mzee aliungua barabarani na jezi yake, upesi kama gazeti. Yadira alipiga makofi. Alicheka, akaomba supu, akamaliza bakuli, akaomba jingine, na Hermelinda akalia kwa furaha, akipiga ishara ya msalaba. Melba alisimama kando, akimtazama mtoto.

Mtoto alipitiwa na usingizi pale pale kitini. Fausto, bado ananuka mafuta ya taa, akainama kumbeba kitandani. Akakaza magoti, akavuta pumzi, akajaribu tena. Kiti kililia. Akamwachia.

"Jamani," alisema huku akicheka na kujishika kiuno, "huyu kala nini?"